Kanisa Lenu Liko na Nani?

Hotuba ya ibada ya asubuhi redioni
Somo: 1 Samweli 16:1–13

Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlio majumbani, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na ninyi akina mama ambao saa hii mmekwisha kufika sokoni na mnapanga mboga zenu, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Juzi nilipita Daraja Mbili, siku ya soko. Wenyeji wa Kisii na Nyamira wanalijua soko lile. Ukitaka ndizi, ukitaka chinsaga na managu, ukitaka wimbi, miwa, nguo za mitumba au sufuria, utapata. Na habari za siasa utazipata hata kabla hujauliza bei. Mama mmoja ambaye mimi hununua ndizi kwake alinipa chane mbili, akapokea pesa zake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kasisi, safari hii kanisa lenu liko na nani?”

Nikamjibu, “Mama, kanisa liko na Yesu Kristo.”

Akacheka, na wenzake wakacheka pia. Akasema, “Hilo ni jibu la Jumapili, Kasisi. Mimi nakuuliza la siku ya soko. Kila kanisa lina mtu wake. Wenu ni nani?”

Ndugu zangu, niliondoka na ndizi zangu, lakini swali lile halikubaki sokoni. Lilinifuata mpaka nyumbani. Yule mama hakuwa ananitania. Alikuwa akisema aliyoyaona. Kwa mujibu wa Katiba yetu uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na wenye kutaka viti hawangojei mwaka wenyewe ufike ndipo waanze kuzunguka. Jumamosi utawaona kwa ndugu zetu Wasabato. Jumapili asubuhi wako kwa Wakatoliki, kwa Walutheri au kwa Wapentekoste, na kabla ya saa sita wamefika kwetu Waanglikana. Wakati wa kura watu hawa huwa waombaji sana!

Basi leo nataka tulijibu swali la yule mama. Je, yafaa kanisa liwe na mtu wake? Neno la Mungu lasemaje, na sheria ya nchi yasemaje? Na kabla sijamaliza, nina jambo langu mwenyewe la kuungama mbele yenu.

Hata nabii alidanganyika

Tufungue kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16. Mungu alikuwa amemkataa Sauli, naye akamtuma Samweli aende Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, akampake mafuta mfalme mpya. Samweli alikuwa nabii. Tangu utoto wake alilala hekaluni na kuisikia sauti ya Bwana. Kama kulikuwa na mtu katika Israeli yote aliyeweza kuaminiwa kumtambua mteule, ni yeye.

Lakini angalieni yaliyotokea. Samweli alifika, akamwona Eliabu, kijana mkubwa wa Yese, mrefu, mwenye umbo la kupendeza. Mara moyoni mwake akasema kwamba bila shaka huyu ndiye. Alikosea. Mungu akamkanya, akamwambia asiangalie sura wala kimo, kwa maana wanadamu huangalia yale ya nje, naye Bwana huangalia moyo. Wakapita vijana saba, mmoja baada ya mwingine, na wote hawakuwa wale. Aliyechaguliwa alikuwa malishoni na kondoo, na hakuna aliyekumbuka kumwita.

Sasa nawauliza. Ikiwa Samweli, nabii mwenye pembe ya mafuta mkononi, aliyetumwa na Mungu kwa kazi hiyo hiyo, alikosea mara ya kwanza alipomtazama mgombea, itakuwaje kwangu mimi kasisi wa parokia? Mimi sikutumwa Bethlehemu. Mimi nilitumwa kubatiza, kufundisha, kuwazika wafu na kuwafariji wafiwa. Nikisimama mimbarani nikasema, “Bwana amenionyesha kwamba fulani ndiye,” nimejitwika kazi ambayo hata Samweli ilimshinda kwa macho yake mwenyewe.

Na Bwana wetu Yesu je? Katika Luka 12 mtu mmoja alimjia katikati ya mkutano akamtaka amwamuru ndugu yake agawe naye urithi. Yesu alikataa kufanywa mgawanyaji baina ya ndugu wawili. Akageuka akawaonya wote juu ya choyo. Angalieni vizuri: hakuingia upande wa mmoja, lakini hakunyamaza juu ya dhambi. Mambo hayo mawili tuyashike pamoja mpaka mwisho wa hotuba hii.

Sheria yasemaje

Watu wengine hudhani sheria ya Kenya inamkataza kasisi kabisa kutaja siasa. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 8, yasema kwamba nchi yetu haina dini ya serikali. Kifungu cha 32 chalinda uhuru wa dini na wa dhamiri. Kifungu cha 38 champa kila raia haki ya kuchagua mambo yake ya siasa kwa hiari, na kasisi naye ni raia. Ana kura moja kama fundi wa viatu alivyo na kura moja.

Lakini uhuru huo una mipaka, na ni vema sisi watu wa kanisa tuijue.

Mpaka wa kwanza: kifungu cha 91 cha Katiba chakataza chama cha siasa kujengwa juu ya msingi wa dini, au wa lugha, au wa kabila. Maana yake, hakuna chama cha Waanglikana, wala cha Wasabato, wala cha Waislamu.

Mpaka wa pili: kuna Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016. Sheria hiyo yakataza mtu kumlazimisha mwenzake apige kura au asipige, kwa nguvu, kwa vitisho au kwa hila. Na katika vitisho vilivyotajwa humo, pamoja na kuumizwa mwili na kuharibiwa mali, kimetajwa pia kitisho cha dhara la kiroho. Umesikia, msikilizaji? Dhara la kiroho. Kasisi akimwambia muumini kwamba asipompigia fulani kura atalaaniwa, au atanyimwa Meza ya Bwana, au hatazikwa na kanisa, hayo si mahubiri tena. Mbele ya sheria ni kosa, kama vile kumtishia mtu kwa rungu.

Wazo hili si geni. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, iliandika katazo la namna hiyo mwaka 1883. Kabla ya hapo, mwaka 1872, jaji mmoja alifuta uchaguzi wa mbunge wa Galway huko Ireland kwa sababu mapadre walikuwa wamewatisha watu kutoka madhabahuni. Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2015 mahakama huko London ilifuta uchaguzi wa meya wa Tower Hamlets, Lutfur Rahman. Yalikuwako makosa mengi katika uchaguzi ule, na mojawapo lilikuwa barua iliyotiwa sahihi na maimamu na viongozi wa dini 101, iliyowafanya waumini waone kwamba kumpigia mtu huyo kura ni wajibu wa dini yao. Padre au imamu, mahakama haikuangalia kanzu. Iliangalia mwenye kuaminiwa na roho za watu alivyoitumia imani hiyo.

Marekani walishika njia nyingine. Huko, tangu mwaka 1954, sheria ilisema kwamba shirika lililosamehewa kodi, makanisa yakiwamo, lisimuunge mkono mgombea wala kumpinga. Kanisa moja la Binghamton, jimbo la New York, lililipia tangazo gazetini mwaka 1992 kumpinga Bill Clinton, likapoteza msamaha wake wa kodi. Lakini Julai 2025 idara ya kodi ya huko iliiambia mahakama kwamba mchungaji akisema na waumini wake ndani ya ibada juu ya mgombea, havunji sheria hiyo. Kwa hiyo sheria za wanadamu zaweza kukazwa leo na kulegezwa kesho. Nasi tusiulize tu, “Je, serikali itanikamata?” Tuulize pia, “Je, nitawajibu nini kondoo wa Bwana?”

Mpaka wa tatu ni wa fedha. Sheria hiyo ya 2016 yaita hongo kile kinachotolewa ili kumvuta mpiga kura, na mtoaji na mpokeaji wote wawili wana hatia. Na Bunge lilipotunga Sheria ya Uchaguzi mwaka 2011, liliona vema hata kuweka humo sharti juu ya wagombea na harambee katika miezi minane ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa nini walifikiri hivyo? Kwa sababu walijua, kama sisi tunavyojua, kwamba harambee nyingi za majira hayo hazijengi kanisa. Zinanunua kiti.

Tuliyoyaona sisi wenyewe

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1986 chama cha KANU kilipoamua kwamba uteuzi wa wagombea ufanywe kwa watu kupanga foleni nyuma ya mtu wanayemtaka, ile tuliyokuja kuiita mlolongo, wachungaji waliokutanika chini ya Baraza la Makanisa walipinga mwezi wa Agosti mwaka huo. Mojawapo ya sababu zao ilikuwa ya kichungaji kabisa. Walisema, mchungaji atasimamaje hadharani nyuma ya mtu mmoja, na kesho yake awape mkate na divai wale waliosimama nyuma ya mwingine? Foleni ya Jumatatu itaigawa meza ya Jumapili. Hata hivyo mlolongo ulifanyika mwaka 1988, na taifa likaona uchungu wake. Leo kura yetu ni ya siri, na Katiba yalinda siri hiyo. Ndugu yangu kasisi, ukimtangaza mtu wako mimbarani, umejipanga tena foleni ambayo wazee wetu walikataa kujipanga.

Tena tukumbuke mwaka 2007. Kura ilipohesabiwa na nchi ikawaka, watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto wadogo. Sisi wa Kisii hatukuambiwa habari hizo na jirani. Tuliwapokea watu wetu wakishuka kwenye malori na godoro moja, na kule mpakani upande wa Chepilat nyumba ziliteketea pande zote mbili.

Wakati ule kila mtu alitafuta sauti ya kanisa iseme acheni. Lakini ilikuwa sauti dhaifu. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Makanisa lilitoka hadharani likakiri kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa hiyo hawakuweza kusema kwa sauti moja. Nawasifu kwa kukiri. Lakini maungamo hayo yalitolewa makaburi yakiwa yamekwisha kuchimbwa.

Mabati

Sasa niseme langu.

Mwaka 2017 nilikuwa katika parokia nyingine, siyo hii ninayotumikia leo. Kanisa letu lilikuwa na kuta tu. Mvua ikinyesha, na ninyi mnajua mvua za huku kwetu, tulihamia darasa la shule. Miaka minne tulichanga. Akina mama waliuza mboga, vijana walibeba mawe, na paa haikupatikana.

Kisha akaja mgombea mmoja wa kiti cha wadi. Akaleta mabati 120 na misumari yake. Sikuuliza aliyatoa wapi. Jumapili iliyofuata nilimwita mbele, nikampa kipaza sauti, akasema maneno yake. Alipomaliza, nikamwambia apige magoti. Nikaweka mikono yangu juu ya kichwa chake, nikawaambia waumini wote wanyoshe mikono, nikasema kwa sauti kuu kwamba Bwana ametuletea Daudi wetu.

Kanisa likapiga vigelegele. Lakini katika benchi la tatu alikaa mama mmoja mjane, mwanachama wa Umoja wa Akina Mama, aliyefagia kanisa kila Jumamosi bila malipo. Mwanawe naye aligombea kiti hicho hicho. Nilijua. Nilijua, wapendwa, na nilifanya vile vile.

Baada ya ibada alinisubiri mlangoni. Hakukasirika, hakupaza sauti. Aliniuliza, “Kasisi, mwanangu alibatizwa hapa hapa. Umesema Mungu amemchagua yule. Basi huyu wangu Mungu amemkataa?” Sikuwa na jibu. Nikamwambia, “Mama, hizi ni siasa tu.” Akaniangalia, akasema, “Lakini wewe uliomba.” Akaenda zake. Jumamosi ile kanisa halikufagiwa.

Yule tuliyemwombea alishinda. Mwaka uliofuata zahanati ya hapo kijijini ikakaa bila dawa. Akina mama walinijia wakasema, “Kasisi, tusemee. Huyu ni mtu wako.” Nikaahidi nitasema. Jumapili ikafika, nikapanda mimbarani, nikainua macho, nikaona mabati. Wapendwa, nilihubiri juu ya uvumilivu.

Siku hiyo ndipo nilipoielewa sura ya 7 ya Amosi. Amosi alitabiri huko Betheli juu ya dhuluma ya wakubwa. Kuhani wa pale, Amazia, akamfukuza. Akamwambia aende akatabiri kwingine, kwa kuwa Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme. Sikilizeni kuhani huyo alivyosema! Hakusema ni mahali pa Mungu. Alisema ni pa mfalme. Mwenye kuezeka hekalu alikuwa amekwisha kulichukua, na kuhani alikuwa amebaki mlinzi wa lango. Mimi nilikuwa Amazia. Nilikuwa na joho, nilikuwa na mimbari, nilikuwa na paa nzuri, ila neno la Bwana sikuwa nalo kinywani.

Mwishowe nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta anaanika wimbi. Nikamwomba msamaha. Alinipa kiti, akaniletea uji, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kasisi, mimi nimekusamehe. Lakini kosa lako ulilisema kwenye kipaza sauti, na toba yako umeileta hapa uani, ambapo kuku tu ndio wanaosikia.”

Jumapili iliyofuata nilisimama nikayasema mbele ya waumini wote. Ilikuwa ngumu. Wengine walininunia, maana walikuwa upande wa yule mshindi. Yule mama alirudi, ila hakukaa tena benchi la tatu. Alikaa nyuma karibu na mlango. Hata nilipohamishwa alikuwa bado anakaa nyuma. Msamaha alinipa, lakini imani ile niliyoivunja haikurudi yote. Na leo nimeyasema tena hapa, kwenye kipaza sauti kikubwa zaidi, ili kasisi mwenzangu anayengojea mabati asikie kabla hajayapokea.

Kunyamaza si utakatifu

Sasa pengine msikilizaji mmoja atasema, “Vema, basi kanisa liachane na mambo ya nchi.” Hapana, ndugu yangu. Kumbuka Bwana Yesu hakugawa urithi, lakini alikemea choyo.

Sisi Waanglikana wa Kenya tulikuwa na maaskofu walioijua tofauti hiyo. Henry Okullu wa Maseno Kusini, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, na Alexander Muge wa Eldoret walisema wazi juu ya mlolongo, juu ya wizi wa ardhi na juu ya njaa ya watu maskini. Nyumba ya Askofu Gitari ilivamiwa usiku mwaka 1989. Askofu Muge alikufa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumtisha asikanyage huko. Watu hawa walisema bila woga kwa sababu hawakuwa na deni la mabati. Walipokemea dhuluma, hakuna aliyeweza kuwauliza ni mgombea gani amewatuma.

Tena wenye mamlaka nao wakumbuke kwamba mipaka ya sheria si mjeledi wa kuwanyamazishia wahubiri. Jirani zetu Tanzania, mwezi wa Juni 2025, walifuta usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima baada ya yeye kusema juu ya watu wanaotekwa. Kumtangaza mgombea ni jambo moja. Kuwalilia waliopotea ni jambo lingine kabisa, na Biblia imejaa manabii waliofanya hilo.

Tufanye nini

Kanisa letu limekwisha kutuonyesha njia. Tarehe 12 Septemba 2021 huko Butere, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu, lakini hawatapewa nafasi ya kuhutubia ibadani. Wakubwa wa siasa walikuwapo wameketi, nao hawakupewa. Wakatoliki nao walisema vivyo hivyo juma lile lile. Na mwezi wa Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha zilizotolewa na Rais katika parokia ya Soweto zirudishwe. Kurudisha kunawezekana, basi. Mkono uliopokea waweza kunyoshwa tena kutoa.

Kwetu sisi wa parokia ndogo ndogo, naona mambo manne.

Kwanza, mgombea akija ibadani, akaribishwe, apewe kitabu cha nyimbo, akae pamoja na wengine. Yakobo katika sura ya 2 ametuonya tusimpe mwenye pete ya dhahabu kiti cha mbele na maskini tukamwambia asimame kule.

Pili, sadaka yake iingie katika kikapu kile kile, bila kutangazwa, kama ya yule mama wa ndizi. Akitaka kuleta mabati majira ya kampeni, wazee wa kanisa wamwambie kwa heshima, “Mheshimiwa, yaweke. Uchaguzi ukiisha, ukishinda au ukishindwa, utuletee.” Ndipo tutajua yalikuwa ya nani.

Tatu, tuwaombee wagombea wote, kwa majina yao wote au bila jina la hata mmoja. Paulo alimwagiza Timotheo kwamba dua zifanywe kwa ajili ya watu wote na wenye mamlaka. Hakusema kwa ajili ya mtu wa ukoo wetu. Na huku kwetu tunajua ukoo ulivyo na nguvu kura inapokaribia.

Nne, tuwafundishe waumini kuchagua. Tuulize mimbarani yale ambayo kila mgombea ni lazima ayajibu: Je, mtu huyu ni mkweli? Fedha za watu alizokabidhiwa zamani alizifanyia nini? Anawaheshimu wajane? Anawapa vijana kazi, au anawapa marungu? Kisha tuwaache waende kituoni na dhamiri zao. Kama kanisa lataka kuwasikiliza wagombea, liwaite wote siku ya kazi, nje ya ibada, kila mmoja kwa dakika zile zile, na mwenyekiti awe mtu asiye na upande.

Wapendwa, nitarudi Daraja Mbili siku ya soko. Nimekwisha kufikiri nitakalomwambia yule mama. Nitamwambia, “Mama, uliniuliza kanisa letu liko na nani. Kanisa letu liko na wewe, na mwenzako anayeuza hapo kando ambaye mgombea wake si wako. Nikimchukua mmoja wa wagombea wenu nikamwita wa Bwana, nitakuwa nimemfukuza mmoja wenu mezani pa Bwana. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Sitaki tena.”

Akicheka, na acheke. Angalau safari hii litakuwa jibu la siku zote mbili, ya soko na ya Jumapili.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe waijua mioyo ambayo sisi hatuioni. Utusamehe sisi wachungaji tuliowawekea watu mikono kwa ajili ya paa na misumari. Uwaponye wale tuliowaumiza ndani ya nyumba yako. Uwape wagombea wote hofu yako, na wapiga kura wote dhamiri iliyo huru. Uilinde nchi yetu isione tena moto wa mwaka ule. Nasi utupe kinywa kisicho na deni kwa mtu yeyote, ili tuliseme neno lako. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, wapendwa. Siku njema.